Juma moja la msichana anayesoma informatike



Mwezi uliopita, tulipokuwa tunatoka kwenye mkutano wa Muso, mama mmoja wa hapa Nyantende alitushika mkono, akatuvuta pembeni, akatuuliza swali ambalo hatukuweza kulijibu palepale.

"Mwalimu, wewe umesoma. Uniambie ukweli. Huyu binti yangu anasoma kitu gani huko Bukavu? Kila nikimwangalia ameinamia telefone. Nikimwuliza, ananijibu: Mama, niko kazini. Kazi gani hiyo? Mimi ninauza mihogo na makala ili nimlipie, na mdogo wake amebaki nyumbani badala ya kuingia mwaka wa saba."

Wote tunajua hesabu hiyo. Tangu 2019 shule ya msingi ya serikali ni bure, lakini mtoto akimaliza mwaka wa sita mkono unarudi mfukoni, na mfuko wa mama mmoja haubebi wawili.

Binti mwenyewe tunamfahamu. Alikaa miaka mingi iliyopita kwenye benchi ya pili ya darasa letu, kando ya dirisha. Leo yuko mwaka wa kwanza wa informatike katika chuo kimoja cha mjini. Jina lake hatuandiki, mama yake alituomba hivyo, na jina la chuo hatuandiki pia. Swali la mama lilikuja siku chache baada ya matokeo ya semesta ya kwanza. Masomo mengi alipita vizuri, lakini kwenye programu alipata 7 kwa 20. Baba yake yuko Kamituga kwenye machimbo, anatuma kitu akipata. Baba mdogo ndiye anayesema nyumbani, naye alikuwa amekwisha kusema: aache hiyo michezo, aende kusomea uuguzi, au aolewe.

Tukiri kosa letu kwanza. Alipomaliza sekondari na diploma yake ya serikali, alikuja kutuuliza asome nini. Tulimwambia ualimu. Tulimwambia hivyo kwa sababu ndiyo njia tuliyopita sisi, si kwa sababu tulikuwa tumemwangalia yeye. Hakutufuata, na hakutukasirikia.

Basi tulimwomba kitu kimoja: achukue daftari, na juma zima aandike kila saa anafanya nini. Kila saa, hata ya kuteka maji, hata ya kupiga soga. Na siku moja, siku ya tatu, direkta wetu alitupa ruhusa, tukaenda naye mpaka darasani.

Siku ya kwanza inaanza saa kumi ya usiku. Anateka maji, anafagia, anawasha moto, anaacha chai tayari kwa wadogo. Saa kumi na moja na nusu yuko njiani, anashuka kuelekea Panzi pamoja na wamama wenye mizigo ya soko. Kama kuna pesa, anapanda basi huko Panzi. Kama hakuna, anamaliza kwa miguu. Wakati wa mvua anavaa kandambili na kubeba viatu ndani ya mfuko wa plastiki, ananawa miguu kabla ya kuingia chuoni, maana wenzake wa Ibanda wanajua kumtambua mtu kwa matope.

Somo la asubuhi linaitwa algoritimi. Jina linatoka kwa mwanahesabu al-Khwarizmi, aliyeishi Baghdad katika karne ya 9, na linatisha kuliko kitu chenyewe. Binti alitueleza kwa muhogo mchungu. Unamenya, unaloweka siku tatu, unaanika, unatwanga. Kila hatua ina mahali pake. Ukiruka ya kuloweka, au ukiifanya siku moja kwa sababu watoto wanalia njaa, unga unabaki na sumu, na mtu anayeula siku nyingi bila chakula kingine anaweza kupata konzo, ule ugonjwa wa kulemaa miguu ambao madaktari waliuandika kwanza Kwango, magharibi ya nchi yetu, katika miaka ya 1930. Mama anajua hatua hizo bila kuziandika. Kompyuta, ordinateri kama tunavyosema hapa kwetu, haijui chochote mpaka mtu aiandikie kila hatua, bila kuruka hata moja, na aiambie pia: kama muhogo bado mgumu, rudi uloweke tena, kama umelainika, endelea. Kuandika hatua hizo ndiyo algoritimi.

Na somo hilo linafundishwa kwa chaki. Siku nzima ya kwanza, katika daftari la binti, hakuna kompyuta hata dakika moja. Hapa wamama wengi wanashangaa, na wengine wanafikiri wamedanganywa. Hawakudanganywa. Mtu anajifunza kupanga mawazo kwenye karatasi kabla ya kugusa mashine, na sisi tunaofundisha kuhesabu kwa vijiti kabla ya tarakimu hatuwezi kulaumu njia hiyo. Shida ni pale karatasi inapoendelea bila mashine kufika.

Siku ya pili ilikuwa ya hesabu na ya kungoja. Hesabu za kompyuta ni za 0 na 1 peke yake. Tano inaandikwa 101. Kisha walimngoja profesa mgeni ambaye alipaswa kuanza somo lake. Wamama wenye watoto chuoni wanajua desturi hii: profesa anatoka mbali, anafundisha somo zima kwa siku chache, asubuhi na jioni, halafu anaondoka. Siku hiyo hakufika. Daftari linasema: saa nne mpaka saa nane, kungoja. Saa tisa, kurudi.

Tuseme neno hapa juu ya miaka ya masomo, kwa sababu wengi bado wanahesabu kwa njia ya zamani. Sisi tulisoma wakati wa graduat ya miaka 3, na aliyetaka licence aliongeza miaka 2. Sasa vyuo vyetu vimeingia katika mpango wa LMD. Licence ni miaka 3, na masomo yanahesabiwa kwa kredi: 60 kila mwaka, 180 mpaka mwisho. Mama huyu alikuwa anajiandaa kulipa miaka 5. Hakuna mtu aliyemweleza.

Siku ya tatu ndiyo tuliyokwenda. Tulifika tumechoka kwa mwendo, tukaona aibu kidogo, maana yeye anatembea hivyo kila siku halafu anakaa kusoma. Ilikuwa siku ya mazoezi kwenye mashine, saa mbili tu kwa juma. Chumba kilikuwa na joto, na kila mashine ilikuwa na wanafunzi watatu. Mvulana mmoja alikaa mbele ya klavie. Binti yetu alikaa katikati. Mvulana wa pili alikaa pembeni, akichungulia juu ya bega.

Zoezi lilikuwa dogo: mashine ipokee pointi za mwanafunzi, itafute wastani, iseme amepita au ameanguka. Mvulana wa mbele aliandika haraka. Mashine ilikataa. Akaandika tena, ikakataa. Katika luga ya programu wanayojifunza, kila amri inafungwa kwa alama ndogo, nukta yenye mkato chini yake. Ukiisahau moja katika mistari thelathini, kazi yote inasimama, na ujumbe wa kosa mara nyingi unakuonyesha mstari mwingine, si ule wenye kosa. Walitafuta muda mrefu. Binti yetu aliliona la kwanza. Tulimsikia akisema, "Mstari wa kumi na moja." Mvulana hakusikia. Akasema tena. Hakuwa anaweza kunyosha mkono, klavie ilikuwa mbele ya mwingine. Mwishowe mvulana aliliona mwenyewe, akaweka alama, mashine ikakubali, wakafurahi wote watatu.

Dakika chache baadaye umeme ulikatika.

Mtuvumilie tuseme kitu juu ya umeme. Mto Ruzizi unatoka ziwani Kivu na kupita chini ya milima yetu. Kituo cha kwanza cha umeme kwenye mto huo kinafanya kazi tangu mwisho wa miaka ya 1950. Ruzizi II ni ya nchi tatu, Kongo, Rwanda na Burundi, na ilianza 1989. Watoto wetu wanalala wakisikia maji hayo, na wanasomea kwenye mshumaa. Na ndani ya mashine yenyewe iliyozimika kuna tantali, inayotoka kwenye koltani, madini ambayo vijana wa Kalehe wanachimba kwa mikono. Tuliyafikiri hayo tukiwa tumekaa gizani tukingoja jenereta. Iliwashwa, ikachukua muda, na saa mbili zilikuwa zimekwisha.

Tulitoka tukamwuliza: "Mbona hukai wewe mbele ya klavie?"

"Mwalimu, wenye ordinateri nyumbani wanaandika haraka. Mimi ninatafuta herufi moja moja. Wananiambia, acha, tunachelewa. Na kweli tunachelewa."

"Na siku ya mtihani?"

"Siku ya mtihani kila mtu yuko peke yake na mashine."

Hapo tulielewa zile 7 kwa 20. Katika saa mbili za juma zima, vidole vyake viligusa klavie kama dakika kumi. Mtoto aliyeona kosa kabla ya wavulana alianguka kwa sababu hakuwa anajua herufi iko wapi. Ni kama kumfundisha mtu kushona cherehani kwa ubao, halafu siku ya mtihani unampa kitenge na saa moja.

Siku ya nne walikuwa na kazi ya kikundi, na kazi hii itawafurahisha wanachama wa Muso. Wanajifunza kupanga kumbukumbu nyingi ndani ya mashine, ili mtu asiandike jambo moja mara tatu na asipoteze kitu. Mwalimu aliwaambia kila kikundi kichague mfano wake. Wenzake walitaka hoteli. Yeye alisema Muso. Alichora wanachama upande mmoja, michango upande wa pili, mikopo upande wa tatu, na mistari inayounganisha: mwanachama mmoja anaweza kuwa na michango mingi, lakini kila mchango una mwenyewe mmoja tu. Alitenga kese ya kijani, ile ya mikopo, na kese nyekundu, ile ya ugonjwa na msiba, ili pesa ya moja isihesabiwe katika nyingine. Majina aliweka ya uongo, kwa sababu alijua wamama wasingependa deni la mtu liandikwe ubaoni mjini. Wenzake hawakuwa wanajua kese nyekundu ni nini. Aliwafundisha yeye.

Alitueleza pia jambo ambalo tangu siku hiyo tunalifikiri kila tukituma pesa kwa simu. M-Pesa, iliyoanzia Kenya 2007 na leo iko mikononi mwetu hapa, ina kazi mbili unapomtumia mtu faranga 10.000: kuzitoa kwako na kuziongeza kwake. Mtandao ukikatika katikati, je? Pesa zimetoka kwako, kwake hazijafika. Kwa hiyo mwandishi wa programu lazima aiambie mashine: fanya zote mbili, au usifanye hata moja, ukishindwa njiani, rudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Kuna mtu alikaa akafikiri shida hiyo kabla haijatufikia. Hiyo ndiyo kazi ambayo baba mdogo anaiita michezo.

Siku ya tano kulikuwa na intero asubuhi, kisha foleni ya kuchapisha kazi ya kikundi, kurasa tisa. Mwenye duka la kuchapisha ndiye anayekula pesa ya basi. Alirudi kwa miguu, akafika nyumbani giza limeingia.

Kuna jambo wamama wanatuuliza kwa sauti ndogo, tusilifiche. Wanauliza juu ya wavulana wa kikundi, na juu ya wale wakubwa wanaotaka msichana alipe pointi kwa mwili wake. Mambo hayo yapo katika nchi hii, na anayesema hayapo hajawahi kuwa msichana chuoni. Tulimwuliza wazi. Alisema wavulana wa kikundi chake ni wapole, wanamfanya asahauliwe tu. Juu ya lile la pili alisema hajapatwa, lakini ana rafiki ambaye aliitwa, akaenda na wenzake wawili badala ya kwenda peke yake. Tuliwauliza wamama watatu kama wamewahi kuwaambia binti zao hivyo: usiende peke yako, na ukiitwa tuambie, hatutakupiga wala kukutoa shuleni. Mmoja tu alikuwa amesema. Wasichana wengi wananyamaza kwa kuogopa kwamba mzazi akisikia, adhabu itakuwa kurudishwa nyumbani.

Siku ya posho daftari linasomeka hivi: salongo, maji, nguo, shamba, maji, soko, maharagi, maji. Informatike: sifuri.

Siku ya yenga, kanisa, kwaya, wageni, kupika. Saa mbili ya usiku, wadogo wamelala, ndipo alipoinamia telefone, na ndipo mama alipomgombeza. Tulimwomba atuonyeshe alichokuwa anafanya saa hiyo. Ni programu inayoitwa Pydroid. Ukishaiingiza mara moja, inakuruhusu kuandika Python kwenye simu, bila mega. Python ni luga ya programu iliyotoka 1991, na watu wengi duniani wanaanza nayo. Si ile wanayofundishwa darasani, lakini mawazo ni yaleyale. Alikuwa anaandika upya lile zoezi la siku ya tatu, peke yake, kwa kidole gumba, kwenye kioo kilichopasuka.

Mama anayetaka kujua mtoto wake anafanya nini anaweza kuangalia bila kusoma. Kama kioo kina picha zinazotembea na mtoto anacheka, ni soga. Kama kuna maandishi tu, mistari mifupi iliyosogea ndani kama ngazi, yenye rangi rangi, na mtoto amekunja uso, ni kazi. Na silabusi nyingi siku hizi zinakuja kwa WhatsApp, kwa hiyo hata WhatsApp si lazima iwe soga. Tusidanganyane lakini: wakati mwingine ni soga.

Tulijumlisha. Juma lina saa 168. Njiani alitumia saa 17. Kazi za nyumbani na shamba, 31. Masomo darasani, 20. Kungoja, 9. Kunakili silabusi na kazi ya kikundi, 12. Telefone, 14, na yeye mwenyewe aliandika bila kuulizwa kwamba 3 kati ya hizo zilikuwa soga. Usingizi, saa tano na kidogo kwa usiku. Vidole vyake juu ya kompyuta, zile dakika kumi.

Tulikwenda kumsomea mama hesabu hiyo nyumbani kwake, kwa Mashi, binti akiwa shambani. Alisikiliza mpaka mwisho. Akatuomba turudie namba moja, ile ya kazi za nyumbani. Tukarudia: 31. Akanyamaza, akasema, "Basi mimi ndiye ninayemla." Tulimwambia hapana, hakuna anayekula mwenzake, nyumba inahitaji maji. Lakini hatukuwa na jibu zuri, kwa sababu sisi pia tunamtuma binti wa kwetu maji mara tatu na kaka yake hata mara moja.

Mama ndiye aliyeleta jambo kwenye Muso. Aliomba mkopo wa kese ya kijani anunue kompyuta iliyotumika. Mkutano ulichukua saa mbili, tulikuwepo. Mwanachama mmoja aliuliza: ikiibiwa je, tutailia kese? Mwingine akasema mkopo ni wa biashara, mbegu na samaki, kitu kinachozaa. Ordinateri inazaa nini? Wa tatu, mzee, ambaye kwa kawaida hasemi, alisema wavulana wa kijiji hiki wameuziwa mashamba ili wasome na hakuna aliyeuliza yatazaa nini. Kelele ziliinuka hapo.

Mama mmoja alisema kwa upole kwamba ni kazi ya wanaume, tumhurumie mtoto. Tuliomba neno. Tuliwaambia kwamba mwaka 1945 na 1946, Philadelphia, Marekani, mashine iliyoitwa ENIAC, moja ya kompyuta za kwanza kabisa, kubwa ya kujaza chumba kizima, ilipangiwa hesabu zake na wanawake sita. Na mwanamke mwingine, Grace Hopper, alitengeneza 1952 programu ya kuisaidia mashine kugeuza maandishi ya mtu kuwa luga yake yenyewe. Walisikiliza. Hatudhani hilo ndilo lililowageuza. Tunadhani ni mchoro wa Muso, ambao mama alikuwa ameuleta umekunjwa ndani ya kitenge. Katibu aliuangalia muda mrefu, akauliza kama kweli mashine inaweza kuonyesha nani hajalipa riba ya miezi mitatu. Watu wawili hawakufurahia swali hilo.

Walikubali nusu ya alichoomba, kwa miezi sita, na riba ileile ya wote. Nusu nyingine mama aliitafuta kwa makala. Baba mdogo bado hajakubali. Anasema atangoja matokeo ya semesta ya pili, na matokeo bado. Mdogo wake bado yuko nyumbani, na hilo halijapata dawa katika habari hii. Kaka yao wa miaka kumi na minne sasa anateka maji ya asubuhi siku tatu kwa juma, akinung'unika.

Mashine ni ya zamani, betri inakaa saa moja na nusu. Kwao hakuna umeme, lakini jirani anao, unapokuja, na unakuja hasa usiku wa manane. Kitanda cha mama kinatazama dirisha la jirani. Taa ya jirani ikiwaka, saa saba au saa nane ya usiku, mama anamgusa binti begani, wanafunga mashine ndani ya kitenge, wanavuka kiwanja. Binti anakaa mezani kwa jirani, anaandika. Mama anakaa mlangoni na sinia, anachambua maharagi ya kesho kwa mwanga uleule.